Kopo la Kahawa Chini ya Basi

“Baba watoto, upande wangu umeshuka.”

Ilikuwa saa nane usiku. Mke wangu hakuwasha taa wala hakuinua kichwa. Alisema vile mtu anavyosema mvua imeanza, akanyamaza. Niliweka kiganja kwenye shuka nikaona ni kweli: godoro lilikuwa limelalia kushoto kama mtumbwi uliojaza watu upande mmoja. Nikatega sikio. Chini yetu upepo ulikuwa unatoka, sauti nyembamba isiyokatika, kama mtu anayembembeleza mtoto asije akaamsha wenzake.

Nyumba yetu hapa Nashville, jimbo la Tennessee, ilikuwa imejaa wageni wa harusi, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa tumehamia kwenye basi. Kwetu hiyo si taabu. Tangu nistaafu tunaishi humo miezi minne au mitano kila mwaka, na kila kitu kina mahali pake: birika lina ndoano yake, kikaango cha chapati kina tundu lake, kanga mbili ndizo mapazia. Mke wangu analijua basi kwa mwili. Mimi nina geji mbele yangu kwenye deshibodi. Yeye ana mgongo na sikio, na mara nyingi habari zake hunifikia kwanza.

Ni basi la GMC, aina ya PD-4106, lililotoka kiwandani Pontiac, Michigan, mwaka 1963. Aina hii ilitengenezwa kati ya mwaka 1961 na 1965, na kampuni ya Greyhound ilinunua mengi kwa safari za mbali. Urefu wake ni futi 35. Injini iko nyuma, imelala kwa upana wa basi, na juu yake, pale palipokuwa na siti ya mwisho, ndipo kilipo kitanda chetu. Halina chesisi. Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea basi kuwa lori lililovikwa bodi: inaletwa chesisi, mafundi wanachomelea vyuma, wanapiga mabati, wanapaka rangi na jina. Hili limeshikwa na ngozi yake yenyewe. Mabati ya alumini yaliyopigwa ribiti kila baada ya vidole viwili vitatu ndiyo yanayobeba uzito, kama ganda linavyobeba yai, na anayetaka kutoboa dirisha jipya anakata mfupa akidhani anakata nguo. Springi za chuma pia halina. Limekaa juu ya mito ya mpira iliyojazwa upepo, mtindo ambao GMC waliuingiza kwenye mabasi yao ya safari ndefu mwaka 1953, kwenye aina iliyolitangulia hili.

Upepo ule ndio uliokuwa ukitukimbia.

Basi lenyewe huwa tunaliegesha kwa jirani yetu, mzee wa Uvira, Kongo, aliyefika Marekani kama mkimbizi, kwa sababu ua wake una sakafu pana ya zege na wetu ni kichochoro. Kulipokucha alitoka na tochi kabla sijamwita.

“Papa, moteri iko na shida gani?”

Nikamwambia moteri ni nzima, ni upepo. Akarudi ndani, akaja na bakuli la povu la sabuni na brashi ya kupakia rangi. Mtu akiisha kuendesha lori kati ya Uvira na Bukavu hahitaji kuelezwa mambo mawili.

Kwanza magogo. Baba yangu alikuwa dereva wa mabasi, na kabla ya udereva alikuwa utingo, na kabla ya utingo alikuwa kijana wa gereji aliyetumwa spana. Nilipokuwa mdogo aliniruhusu kushika kila kitu cha gari, ila hakuniruhusu kuingiza hata mguu chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Basi la upepo ni baya kuliko jeki. Mpira ukipasuka au bomba likichomoka, bodi yote inashuka mara moja, na watu wamekufa hivyo, mafundi wazoefu, waliojisogeza chini kwa dakika moja tu kutazama kitu. Nina magogo manne ya mti mgumu niliyoyakata kwa kipimo cha sehemu za kupigia jeki. Hata kama kilichoanguka ni senti, magogo yanaingia kabla yangu.

Kisha tukapaka povu kiungo kwa kiungo. Kazi hii haina haraka. Unapaka, unamulika, unangoja, unahamia kingine. Kwenye kiungo cha nyuma kushoto povu lilianza kuvimba, tone moja likawa kubwa kama yai la njiwa, likang'aa rangi zote, likapasuka. Pale pale jingine likaanza. Nati ilikuwa imelegea. Nikaikaza robo raundi. Mzee akafuta, akapaka povu upya, tukangoja tukiwa tumelala kifudifudi vichwa vimekaribiana kama watoto wanaotazama shimo la mchwa. Povu likatulia.

“Imenyamaza,” alisema.

Uvujaji wa namna ile haukuchoshi. Una sauti, una mahali, na ukiupata umeupata. Mwaka juzi nilipata wa namna nyingine. Injini ilikuwa ikiwaka vizuri, inakwenda kidogo, inakohoa, inakufa. Chini ya basi pakavu kabisa. Nilibadilisha filta mbili, nikasafisha tangi, nikaanza kuisingizia pampu. Siku ya nne nikakata bomba la dizeli kati ya tangi na pampu nikaunga kipande cha mpira unaopenya nuru, nikawasha, nikaona shanga za hewa zikipita moja baada ya nyingine. Upande ule pampu inavuta. Kiungo kikilegea, dizeli haitoki. Hewa ndiyo inayoingia. Kwa siku nne sakafu kavu ilikuwa imenihakikishia kwamba hakuna kinachovuja, na mimi niliiamini kwa sababu ilikuwa kavu.

Ningetegemea kwamba jambo lile lingenifunza. Halikunifunza, na ndiyo sababu ninaandika.

Injini ni Detroit Diesel 8V71. Jina lake ni maelezo yake: silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, kila moja ikiwa na ujazo wa inchi 71 za mchemraba, yaani kama lita 1.16. Ukoo wa injini hizi ulianza mwaka 1938, na katika Vita Kuu ya Pili ndugu zake wa silinda sita waliendesha vifaru na boti za kushushia askari ufukweni. Ni ya mipigo miwili. Dizeli nyingi tulizozizoea kwenye malori na mabasi ni za mipigo minne: inavuta hewa, inaibana, inalipua, inatoa moshi. Hii haina nafasi ya kuvuta pumzi. Kila pistoni inaposhuka inashuka kwa moto, na ikifika chini inafunua matundu yaliyotobolewa kwenye slivu. Hapo hewa safi inaingia kwa nguvu kutoka kwenye chumba kinachozizunguka slivu, inaufukuza moshi utokee juu kupitia vavu, na pistoni inapanda tena. Hewa hiyo haiji yenyewe. Inasukumwa na bloa, mashine yenye rota mbili zinazosokotana, iliyokaa kati ya mabega mawili ya V. Ndiyo sababu ya mlio wake. Ikizunguka mara 2,100 kwa dakika, sikio linasikia mara mbili ya hapo, na mtu asiyeizoea hudhani dereva amesahau kubadilisha gia.

Sasa, ringi za pistoni zinapopita kwenye matundu yale huacha oili kidogo, safari moja baada ya nyingine, na oili hiyo inatiririka hadi sakafu ya chumba cha hewa. Walioiunda injini walilijua hilo tangu mwanzo. Wakatoboa bloku kila ubavu, wakaweka kibomba chembamba kinachoning'inia chini, ili injini ikifanya kazi hewa ya bloa isukume mabaki yale nje: oili nyeusi, unyevu, masizi. Basi likiwa barabarani hakuna anayeona. Likisimama, linadondosha. Watu wa injini hizi husema, na hawatanii, kwamba ukiona imeacha kudondosha basi ujue imekwisha oili.

Mtu aliyeniuzia alikuwa analijua basi hili kuliko nitakavyolijua. Aliniachia daftari. Kila alipojaza dizeli aliandika maili alizokwenda, oili aliyoongeza (namba 40, ile nzito ya daraja moja, ambayo injini hizi hazitaki nyingine), na joto la maji milimani. Na kila tarehe mosi ya mwezi, miaka kumi na saba bila kuruka, aliandika sentensi ileile: kilango kimefunguliwa, kimefungwa, kimetiwa grisi. Kilango ni bati la chuma lililo mdomoni mwa bloa. Siku zote liko wazi. Kuna swichi ya dharura mbele kwa dereva ya kulifunga. Sikuelewa kwa nini mtu akitie grisi kitu asichokitumia, lakini daftari lilisema, nami nikaendelea pale alipoishia, tarehe mosi hadi tarehe mosi.

Kibomba hakikuwa na sentensi kwenye daftari.

Jumamosi moja nilikwenda kuchukua kitu basini nikamkuta jirani amepiga magoti, anasugua zege kwa brashi ya waya na sabuni ya unga. Madoa mawili meusi, kila moja kubwa kama sinia. Hakuwa amesema neno tangu tuanze kuegesha kwake. Nikamwomba radhi. “Hapana shida, Papa,” alisema, akaendelea kusugua. Angenigombeza ningelala vizuri. Nilirudi nyumbani mwili umenisisimka kwa aibu, kwa sababu kuna wema wa ujirani ambao ukiutumia vibaya hakuna atakayekudai, na hapo ndipo unapokuwa mzito. Jioni ileile niliviziba vile vibomba viwili kwa vifuniko vya mpira, nikavikaza kwa vibanio vya mpira wa maji.

Mzee alikuja kutazama. Alichutama, akamulika, akakaa kimya kidogo.

“Sasa ile mafuta inaendaka wapi?”

Nikamjibu kwamba ni kidogo tu, itabaki ndani. Akaitikia kwa adabu. Kesho yake sakafu ilikuwa kavu, na kwa wiki sita niliitazama kila asubuhi nikaona raha. Tulisafiri mara tatu katika wiki hizo.

Safari ya nne ilikuwa ya Anniston, Alabama, kwa kupitia Chattanooga. Kutoka Nashville kwenda Chattanooga barabara inapanda mlima Monteagle, ambao madereva wa malori hapa wanauzungumza kama sisi Watanzania tunavyouzungumza mlima wa Kitonga. Baba aliipanda Kitonga miaka mingi na basi la Albion lililojaa hadi mlangoni. Nikiwa kijana nilikaa kwenye boneti kando yake nikaona anavyorudisha gia mapema, mlima ukiwa bado uko mbele, injini ikiwa bado ina nguvu. Nilidhani ni woga. Injini hii imenieleza sababu: pampu ya maji na feni vinazunguka kwa mwendo wa injini, kwa hiyo ukiiacha ikokotoke kwa mizunguko michache, joto linapanda wakati ule ule maji yanapopunguza mwendo. Nilirudisha gia ya tatu chini ya mlima. Malori yakatupita. Mshale wa joto ulifika nyuzi 195 za Farenhaiti ukasimama hapo, na mke wangu, aliyekuwa akimenya chungwa kwenye siti ya mbele, akanipa nusu bila kusema kitu mpaka tulipofika juu.

Anniston nilitaka kuiona kwa sababu ya basi. Mwaka 1961, mwaka aina ya basi langu ilipoanza kutengenezwa na mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru, wasafiri weusi kwa weupe walipanda mabasi pamoja kuelekea kusini kuona kama hukumu za mahakama dhidi ya ubaguzi katika safari za kati ya majimbo zilikuwa na nguvu yoyote. Tarehe 14 Mei, Jumapili, basi la Greyhound lilizingirwa na umati kwenye kituo cha Anniston. Waliyachana matairi. Basi likaondoka hivyo hivyo, msafara wa magari ukilifuata nyuma, na upepo ukitoka. Maili chache nje ya mji matairi yakalala. Dereva akasimama. Wakalitia moto watu wakiwa ndani, na waliotoka wakapigwa. Hawakufa. Siku tatu baadaye kundi jingine liliondoka hapa Nashville kuendeleza safari, wengi wao wanafunzi, na aliyeshika uratibu alikuwa msichana wa Chuo Kikuu cha Fisk, Diane Nash.

Kituo kile cha zamani, kwenye mtaa wa Gurnee, pamoja na mahali lilipochomwa basi, vilifanywa kumbukumbu ya taifa Januari 2017. Tuliegesha mbali tukaenda kwa miguu. Sikupiga picha. Nilikuwa nikifikiria matairi yale, jinsi uvujaji ulivyoweza kupangwa, ukapewa maili chache za kufanya kazi yake mbali na macho ya mji. Nilifikiria na siti za nyuma, walikopelekwa weusi. Katika mabasi yenye injini nyuma huko ndiko kwenye joto na kelele. Amri ya serikali iliyokataza jambo hilo katika safari za kati ya majimbo ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 1961, na basi letu likaundwa mwaka wa pili baada ya hapo. Nilimweleza mke wangu hayo usiku, tukiwa tumelala kambini nje ya mji. Hakujibu. Aliteremsha mkono akaweka kiganja kwenye mbao za chini ya godoro, ambako injini ilikuwa bado ina moto wa safari, akakiacha hapo.

Asubuhi niliwasha nikaongeza mafuta kidogo ili kombresa ijaze upepo wa breki. Geji ya upepo ilikuwa imefika 90 mlio wa injini ulipoanza kupanda. Nikaondoa mguu. Ukapanda. Nikazima injini kama ninavyoizima kila siku. Ukazidi kupanda. Dizeli haina plagi za kuzimwa. Inataka hewa na kitu cha kuungua, na oili ya wiki sita iliyokuwa imetuama kwenye chumba cha hewa ilikuwa sasa inanyanyuliwa na upepo wa bloa, inaingia kwenye matundu, inaungua. Niliifungia dizeli kutoka tangini, nayo haikuwa na haja tena na tangi. Kadiri ilivyokimbia ndivyo bloa ilivyosukuma zaidi, ndivyo ilivyokunywa zaidi. Moshi mweupe wenye ubuluu ulifunika mahema ya jirani zetu wa kambi. Vyombo vilianza kutembea kwenye rafu. Mke wangu aliniita kwa jina langu, lile la kuzaliwa, ambalo sijalisikia mdomoni mwake tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe.

Mkono wangu ukaenda kwenye swichi ya dharura.

Kilango kilijifunga kwa kishindo kama kifuniko cha sanduku la chuma. Injini ikatetemeka, ikatetemeka tena, ikafa. Yote hayo hayakuzidi sekunde kumi na tano. Nilisikia ndege. Nilisikia mtu wa hema la pili akiuliza kama tunahitaji msaada, nami sikuweza kumjibu kwa sababu meno yalikuwa yanagongana.

Nilipoweza kusimama nilipiga magogo, nikaingia chini, nikavua vifuniko. Oili ilitoka nzito na nyeusi, ikajaza chupa ya maji ya lita moja, ikaanza ya pili. Ilikuwa ni jibu la swali la mzee wa Uvira, na lilikuwa na uzito wa kushikika.

Siku mbili tulikaa pale. Kilango kikifungwa injini ikiwa mbioni, bloa inavuta mahali pasipo na hewa na inaweza kufyonza oili kupitia sili zake, ndiyo sababu hakitumiki kuzimia kila siku. Nilikagua sili, nikazikuta nzima. Kisha nikafungua vifuniko vya ubavuni. Injini hizi zina fadhila hiyo, kwamba ukiondoa kifuniko kimoja kidogo unaona ndani kupitia matundu ya slivu bila kushusha hedi. Niliizungusha injini kwa mkono, pole pole, tochi mdomoni, mpaka pistoni ya kwanza ikapita kwenye tundu na ringi zikaonekana moja moja, nyembamba, zinang'aa kama ukingo wa sarafu. Nikazisukuma kwa kijiti cha mti mlaini. Ringi iliyo hai inarudi kidogo, iliyoganda haisogei. Zilirudi. Nikahamia ya pili. Kwa ubavu wa mbele ilinibidi nilale chini kati ya magogo, oili ikinidondokea shavuni, na nilipofika ya nane jua lilikuwa limekwisha zama na mke wangu alikuwa ameweka sahani ya wali kwenye nyasi karibu na miguu yangu, ameifunika.

Baba yuko Korogwe, Tanzania. Nilimpigia usiku huo, kwake kukiwa kunapambazuka.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Sauti yako ina nini?”

Nikamweleza. Injini za namna hii hakupata kuzishika, kwa hiyo alinikatiza mara kadhaa kutaka kujua hewa inaingilia wapi na moshi unatokea wapi, mpaka akaridhika. Kisha akauliza:

“Hicho kibomba alikiweka nani?”

“Walioiunda injini.”

“Kwa kukosea?”

“Hapana, baba.”

“Wewe ulikiziba kwa nini?”

“Oili ilikuwa inachafua sakafu ya jirani.”

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Nilisikia jogoo.

“Jirani ana haki,” alisema. “Si ungeweka kopo?”

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kuliko nilivyourudia ule mlio. Nilikuwa na nia njema, na baba hakuibeza. Lakini mzee wa Uvira hakuwa ameniomba sakafu kavu. Alikuwa anasugua tu kilicho mbele yake. Mimi ndiye niliyetaka aibu iondoke machoni, nikauchukua uchafu kutoka mahali alipouona kila mtu nikaupeleka mahali asipouona yeyote, nikauita usafi. Kopo lingenidai kitu kila siku: kuinama, kulitoa, kulimwaga panapostahili, kulirudisha. Kifuniko hakikunidai chochote, na hiyo ndiyo raha niliyokuwa nikiiona wiki sita kwenye zege kavu. Na kile kilango, ambacho sikukielewa hata kidogo, nilikitia grisi kila mwezi kwa kuwa tu mtu aliyenitangulia aliliona jambo hilo kuwa na maana ya kuandikwa mara mia mbili na ushei. Kwa kilango nilimwamini mwenye daftari. Kwa kibomba sikumwamini mtu.

Tuliporudi Nashville nilikwenda kwa jirani na ile chupa ya lita moja, nikamwonyesha. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaangalia inavyoteremka kwenye kioo.

“Mingi,” alisema. Kisha akaenda jikoni akarudi na makopo mawili ya kahawa, matupu, ameyaosha, na waya wa kuyaning'inizia. Nadhani alikuwa ameyaweka tayari muda mrefu.

Doa bado lipo kwenye zege, limepauka lakini halijaondoka, na Jumamosi moja moja tunalisugua wawili. Makopo nayatoa kila asubuhi kabla ya chai. Mwanzoni nilikuwa namwaga tu kwenye dumu la oili chafu. Siku hizi napima kwanza, kwa kijiko kilichostaafu jikoni, kwa sababu nimegundua kwamba ninachopokea kinanisimulia kilichomo ndani kuliko geji: ringi zikianza kuchoka, oili inayopita itaongezeka hapa kabla moshi haujaonekana, na maji yakiingia yasipotakiwa yatalala chini ya oili, meupe. Naisugua kati ya vidole kuona kama ina chenga. Naandika kwenye daftari, chini ya mwandiko wa yule aliyenitangulia, sentensi yake ya tarehe mosi na yangu ya kila siku.

Leo: kopo la mbele vijiko vitatu, la nyuma viwili. Kwa miezi mitatu yalikuwa sawasawa. Wiki hii la mbele limeanza kuzidi. Mzee amelishika kopo juani akasema tungoje. Sijafungua kitu.